Mwami Hakuhamishwa

Mhakiki wa fasihi amezoea kushika kitabu. Akikosa kitabu huenda kutazama tamthilia, au huingia kijijini kusikiliza ngano za wazee. Ziara ya kutembezwa haimo katika hesabu ya kazi zinazohakikiwa, ingawa ndani yake mna msimulizi na hadhira, mna jukwaa, tena mna masimulizi yenye mwanzo na mwisho yanayorudiwa kila siku mbele ya watu wapya. Katika kurasa hizi twapenda kuihakiki ziara moja ya namna hiyo, nayo ni ile ya makumbusho ya ikulu ya wafalme wa Rwanda huko Rukari, mjini Nyanza. Hatutaihakiki kwa Kinyarwanda ilimosimuliwa, bali kwa Kiswahili ilimofasiriwa, kwa kuwa kasoro ilitokea huko, na kasoro yenyewe ni yetu walimu wa Kiswahili.

Ilikuwa Agosti 2019. Walimu watano wa hapa Giheke na Kamembe tulikuwa na wageni watatu, walimu wenzetu kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Tulichanga fedha, tukakodi gari la kwetu peke yetu kwa siku moja, tukaondoka alfajiri, tukaukata msitu wa Nyungwe ukungu ukingali umelala juu ya miti, tukapita Nyamagabe na Huye. Tulifika Nyanza jua likiwa bado halijapanda sana. Wageni hawakujua Kinyarwanda, ila mmoja wao aliyekuwa Mshi aliweza kuokota neno hapa na neno pale kwa sababu ya ujamaa wa lugha hizi mbili. Ikakubaliwa kwamba mwongozaji aseme kwa Kinyarwanda, lugha aliyoimudu kuliko zote, na mmoja wetu awe mkalimani. Mkalimani huyo ni sisi tuandikao makala haya. Jambo hilo twalitangaza mapema ili msomaji asidhani tunamsema mtu asiyekuwapo.

Kuhusu mwongozaji tuna sifa tu. Alikuwa kijana mwenye sauti ya utulivu, aliyejua kunyamaza. Alitusimamisha nje ya nyumba kubwa ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, akatueleza kwanza kwamba si nyumba ya asili bali imejengwa upya kwa mfano wa ile ya kale, na kwa kusema hivyo alituondolea udanganyifu ambao waongozaji wengi huupenda. Kisha alituingiza ndani, akatuacha kwa muda katika giza lile lenye harufu ya nyasi, wala hakusema neno mpaka macho yalipozoea. Nyuma ya nyumba kubwa alituonyesha vibanda viwili, cha maziwa na cha pombe, akaeleza kwamba cha maziwa kilitunzwa na msichana asiyeolewa na cha pombe kilitunzwa na kijana wa kiume. Hatimaye tulifika kwa ng'ombe wa inyambo, wale wenye pembe ndefu zilizopinda kama zinataka kukutana angani. Mchungaji aliwaimbia. Mwongozaji hakuuingilia wimbo kwa maelezo; alingoja mpaka ukaisha. Hayo twayaita ufundi wa masimulizi, na mwalimu wa fasihi simulizi anayetaka kuwafundisha wanafunzi maana ya kituo na kimya angefaidika akimsikiliza kijana yule kwa nusu saa.

Sasa tuingie katika ukalimani. Mwongozaji alipotaja mara ya kwanza makao ya mwami, tulifasiri kwa kusema, «Hili ndilo kasri la mfalme.» Mgeni mmoja alitazama kushoto na kulia akauliza, «Liko wapi?» Alikuwa amesimama mbele yake. Hakukosea, neno kasri limetujia kutoka Kiarabu likiwa limebeba mawe, kuta na mnara, na anayelisikia hatafuti nyasi. Tulikuwa na neno zuri zaidi kinywani, tukaliacha. Neno ikulu Kiswahili kimelipokea kutoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa bara, nalo lataja mahali akaapo mtawala, liwe jengo la udongo au la marumaru. Kwa nini hatukulitumia? Twakiri kwamba tuliona kasri lina heshima zaidi. Ni ugonjwa wa zamani wa wasomi wa Kiswahili, kudhani kwamba neno lililosafiri mbali zaidi ndilo lililo la adabu zaidi.

Jambo hili lilikuwa limekwisha kutajwa garini asubuhi ile, ila hatukulitia maanani. Mmoja wa wageni aliwahi kusoma Beijing, na njia nzima ya Nyungwe alikuwa akitusimulia siku aliyotembezwa katika majengo ya wafalme wa China: kuta nyekundu, paa za vigae vya manjano, na milango mikuu yenye misumari 81 iliyopangwa tisa kwa tisa. Makao hayo yalijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, wakakaa humo wafalme 24 wa nasaba za Ming na Qing. Mwenzetu alipaita Mji Haramu. Mwalimu mmoja wa kwetu aliyekuwa ameketi nyuma aliuliza ni haramu gani iliyokuwa ikitendwa humo, na gari zima likacheka. Lakini swali lilikuwa la haki. Jina la kale la Kichina, Zijincheng, lasema mji uliokatazwa watu wa kawaida kuingia. Kwa msikilizaji wa Kiswahili haramu ni dhambi, au ni chakula kisicholika. Wachina wenyewe siku hizi hupaita Gugong, yaani ikulu ya zamani, na hapo ndipo mkalimani angepumzika. Basi tulicheka kosa la mwenzetu saa moja asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana tukawa tumelitenda letu.

Kosa la pili lilihusu ngoma. Katika Kinyarwanda neno ingoma lina maana ya chombo kipigwacho, na pia lina maana ya ufalme wenyewe na muda wa kutawala. Mwami aliyeshika madaraka husemwa ameima ingoma. Ngoma kuu ya ufalme, Kalinga, haikuwa chombo cha kuchezea watu, bali ilikuwa ndiyo dola. Mwongozaji aliposema kwamba Musinga aliima ingoma baada ya mapigano ya Rucunshu ya mwaka 1896, sisi tulitamka bila kufikiri, «Akapewa ngoma.» Mgeni akauliza kama aliipiga mwenyewe. Tukababaika, tukasema hapana, ilikuwa alama tu. Neno hilo «tu» latuaibisha mpaka leo. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma zake na siwa yake, na watu wa pwani walijua vyema kwamba anayezishika vitu hivyo ameshika nchi. Mswahili wa kale asingehitaji kuelezwa habari ya Kalinga. Angeelewa mara moja. Upungufu haukuwa wa Kiswahili, ulikuwa wa mkalimani, ambaye amefundisha neno ngoma darasani kwa miaka mingi akilifunga katika sura ya burudani, baina ya zeze na marimba. Ilitosha kusema, «Akashika ngoma, yaani akatawala.»

Twafika kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tuandike.

Mwongozaji alitupeleka katika nyumba ya pili, ile ya matofali iliyojengewa Mutara wa Tatu Rudahigwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alisimama barazani akaeleza jinsi mwana alivyoingia mahali pa baba. Alisema kwamba Wabelgiji walimwondoa Yuhi wa Tano Musinga tarehe 12 Novemba 1931, kwamba alikuwa amekataa ubatizo na hakuwa mtiifu kwao kama walivyotaka, na kwamba «yaciriwe i Kamembe». Kitenzi guca kwa Kinyarwanda ni kukata, tena ni kumfukuza mtu atoke katika nchi yake au mahali pake. Ni kitenzi chenye makali. Sisi tulikuwa tumechoka, wageni walikuwa wameanza kutazama samani, nasi tukafupisha habari yote kwa maneno manne: «Mfalme Musinga alihamishiwa Kamembe.»

Mgeni mmoja akasema kwa mzaha, «Alihamishiwa kituo gani?»

Walimu wote wanane walicheka, kwa kuwa hakuna mwalimu asiyejua maana ya kuhamishiwa. Barua hufika, unafunga virago, unaaga darasa, unakwenda kuripoti kwa mkuu mwingine, na mshahara unakufuata. Mwongozaji, ambaye hakuelewa Kiswahili chetu cha haraka, alitabasamu kwa adabu, akiona watu wanafurahi katika mahali ambapo yeye alikuwa ameshusha sauti.

Twaweza kujitetea. Kiswahili cha Biblia kinataja uhamisho wa Babeli, na magazeti yote huandika kwamba kiongozi fulani anaishi uhamishoni. Utetezi huo hautoshi. Jina uhamisho, na hasa likiwa na kiambishi cha mahali, uhamishoni, limepata uzito wa huzuni kwa sababu ya historia ya matumizi yake. Kitenzi kuhamishiwa, kikisimama peke yake na jina la mji baada yake, kimebaki mali ya ofisi. Tena tulimtupa mtenda. Mwongozaji alikuwa amewataja Wabelgiji waziwazi. Sentensi yetu haikuwa na mtu yeyote aliyefanya lolote. Walimu wa sarufi tunapenda kufundisha kauli ya kutendwa kwa majedwali na mazoezi, lakini mara ngapi tumewauliza wanafunzi ni nani anayefaidika mtenda akifichwa?

Lililotuuma zaidi ni kwamba Kamembe si mahali pa mbali kwetu. Ndiko tunakokwenda sokoni. Mwami aliyetawala kwa miaka 35, ambaye mbele yake watu walishusha macho, aliletwa kuishi katika vilima hivi vya Kinyaga chini ya ulinzi, akakaa hadi mwaka 1940 alipovushwa kupelekwa Moba, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, akafia huko mwaka 1944. Wanafunzi wetu hudhani kwamba historia ya wafalme ilitendeka Nyanza, na kwamba ukitaka kuigusa huna budi kukodi gari. Nasi tulipopata nafasi ya kusema mbele ya wageni kwamba mwisho wa hadithi ile uko nyumbani kwetu, tuliigeuza kuwa habari ya mtumishi aliyebadilishiwa kituo.

Kisha kuna jambo ambalo wengi wetu tunaofundisha Kiswahili hatulitaji. Musinga alijifunza Kiswahili. Wajerumani waliendesha Afrika ya Mashariki yao kwa lugha hii, na tangu Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, na hata kabla yake, ikulu ya Nyanza ilihitaji watu wa kuisema. Mwami hakuridhika kuwategemea wakalimani, akaisoma mwenyewe; bila shaka alikwisha kuonja ladha ya kufasiriwa vibaya. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, tulisikia wakisema kwamba ni mgeni anayeletwa na soko la Afrika Mashariki. Mgeni gani aliyekwisha kuketi ikulu zaidi ya miaka mia moja iliyopita? Tena kilikuwa na sura mbili, kwa maana kilikuwa chombo cha waliomwingilia na chombo chake cha kujikinga nao. Hatuoni sababu ya kuficha ile ya kwanza ili kuipamba ya pili.

Huko Beijing, Puyi, mfalme wa mwisho, alijiuzulu Februari 1912 akaachwa akae katika sehemu ya ndani ya ikulu, mpaka alipofukuzwa Novemba 1924. Mwaka uliofuata milango ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwenzetu alipotusimulia hayo garini hakusema kwamba Puyi alihamishwa. Alisema alitolewa nje. Kwa neno hilo moja yeye alitushinda.

Ziara ilimalizikia Mwima, kilima cha makaburi, ambako amezikwa Rudahigwa aliyefariki mwaka 1959, mkewe Rosalie Gicanda aliyeuawa Aprili 1994, na Kigeli wa Tano aliyerudishwa kutoka Marekani akazikwa Januari 2017. Hapo hatukukosea, kwa sababu tulisema machache. Musinga hayumo.

Tumeombwa tena kuwakalimania wageni katika safari kama ile, na hiyo ndiyo sababu ya kuyatoa haya daftarini sasa. Ila deni la siku ile tulijaribu kulilipa jioni ileile. Gari lilipofika Kamembe, giza likiwa limeanza kuingia na taa za Bukavu zikionekana ng'ambo, tulimwomba dereva asimame kabla ya kuwashusha wageni kwenye daraja. Tukawaambia kwamba tuna sentensi moja ya kusahihisha. Mgeni aliyefanya mzaha wa kituo alitoa kalamu, akaiandika nyuma ya tikiti yake ya kiingilio kama tulivyoisema: «Wabelgiji walimwuzulu Mwami Musinga tarehe 12 Novemba 1931, wakamfukuza Nyanza, wakamleta uhamishoni hapa Kamembe.» Akaisoma mara mbili, akaweka mstari chini ya neno hapa, akauliza nyumba aliyokaa ilikuwa kilima kipi.