Usimtupie lawama fundi wa seva ya nane

Kama umewahi kukaa kwenye darasa la uhandisi wa programu, huenda umesimuliwa kisa cha Knight Capital. Toleo lake la kawaida ni fupi sana. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni hii ya Marekani ya kununua na kuuza hisa ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 ndani ya dakika 45, kwa sababu fundi mmoja hakupakia programu mpya kwenye seva moja kati ya nane. Halafu linakuja funzo: binadamu husahau, kwa hiyo andika skripti ifanye kazi hiyo. Darasa linacheka kidogo, mwalimu anabadilisha slaidi.

Mimi naona funzo hilo ni dogo mno kwa kisa kikubwa namna hii. Tena lina hatari, maana linakuachia imani kwamba otomatiki ikizidi, usalama nao unazidi. Twende taratibu.

Unapolipia bidhaa kwa simu, simu yako haikati salio. Yenyewe inatuma ombi tu. Uamuzi uko kwenye seva, ambako kuna kanuni zenye umbo moja: likitokea jambo fulani, na sharti fulani likitimia, fanya hivi. Salio linatosha? Kata, tuma ujumbe. Halitoshi? Kataa. Kuziweka kanuni huko ni busara. Zinakaa mahali pamoja, mteja hawezi kuzichezea, na ukibadilisha mara moja kila mtu amepata. Lakini kanuni ya namna hii haina kitufe wala skrini. Inaweza kulala miaka mingi, na watu wakapita juu yake kila siku bila kujua kwamba ipo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Knight. Seva zake nane zilikuwa na programu inayopokea oda kubwa, tuiite oda mama, na kuigawa katika oda ndogo zinazopelekwa sokoni. Ndani yake kulikuwa na kanuni ya zamani iliyoitwa Power Peg. Kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003, lakini haikuifuta. Power Peg ilihitaji kujua jambo moja tu ili isimame: hisa ngapi za oda mama zimeshapatikana. Mwaka 2005 wahandisi waliihamisha sehemu hiyo ya kuhesabu na kuiweka kwingine ndani ya programu. Hakuna aliyeijaribu tena Power Peg baada ya hapo. Kwa nini aijaribu, wakati haitumiki? Basi, tangu siku hiyo, ndani ya mfumo kulikuwa na kanuni inayojua kuanza na isiyojua kuacha.

Mwaka 2012 Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanzisha mpango mpya wa oda za wawekezaji wadogo. Knight ikaandika msimbo mpya wa kushiriki. Ili kuuwasha, wahandisi hawakutengeneza swichi mpya. Walichukua swichi ile ile iliyokuwa ikiiwasha Power Peg. Walikusudia msimbo wa Power Peg uondolewe, na swichi ibaki na maana mpya.

Hapo ndipo fundi wetu anapoingia. Kuanzia tarehe 27 Julai msimbo mpya ulipakiwa kwa awamu. Seva saba zikaupata, ya nane haikuupata, na hakukuwa na utaratibu wa mtu wa pili kukagua. Agosti 1 soko lilipofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, oda zenye swichi hiyo zikafika. Seva saba zikasoma maana mpya. Ya nane ikasoma maana ya mwaka 2003.

Oda 212 tu za wateja zikazaa mamilioni ya oda sokoni. Ndani ya kama dakika 45 kulikuwa na miamala zaidi ya milioni 4, katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Hasara ikapita dola milioni 460. Kampuni ikaokolewa na wawekezaji waliotia dola milioni 400, na mwaka uliofuata ikaungana na kampuni nyingine.

Sasa nitajie, katika mlolongo huo, kosa la fundi ni la ngapi? Kabla yake kuna kanuni iliyoachwa hai miaka tisa, breki iliyoondolewa bila jaribio, na swichi moja iliyopewa maana mbili. Fundi alikuja mwisho, akakanyaga waya uliokuwa wazi tayari.

Utaniambia: sawa, lakini skripti ya kupakia ingezigusa seva zote nane, na yasingetokea haya. Kweli kabisa, nakubali. Asubuhi ile ingepita salama. Ila angalia kilichotokea katikati ya vurugu, sehemu ambayo wasimuliaji wengi huiruka. Wahandisi walihisi kwamba tatizo ni msimbo mpya, wakauondoa kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima. Oda zikaendelea kuingia na swichi yao, na sasa seva hizo nazo zikaanza kuiendesha Power Peg. Tiba ikaeneza ugonjwa. Wangekuwa na skripti safi ya kurudisha msimbo wa zamani, wangeueneza kwa sekunde chache tu, kwa kubonyeza mara moja.

Ndiyo sababu nasema funzo la darasani halitoshi. Skripti hubeba uelewa wa aliyeiandika. Uelewa ukiwa na pengo, skripti inalisambaza pengo hilo sawasawa kwenye kila seva, tena bila kuchoka.

Kuna mambo mawili mengine yanayonisumbua zaidi. La kwanza: mfumo wenyewe ulijaribu kusema. Kuanzia kama saa mbili asubuhi siku hiyo, kabla soko halijafunguliwa, ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikiitaja programu ile na kosa lililohusu Power Peg. Lakini barua hizo hazikubuniwa kuwa kengele, na kwa kawaida watu hawakuzisoma. Yaani kanuni ya kutoa taarifa ilikuwepo, ikafanya kazi yake, na kwa upande wa binadamu hakukuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuipokea.

La pili ni zito zaidi. Miamala ile isiyoeleweka ilikuwa ikirundikana kwenye akaunti moja ya ndani. Akaunti hiyo ilikuwa imewekewa kikomo cha dola milioni 2. Kikomo kilikuwepo kwenye makaratasi, lakini hakikuunganishwa na udhibiti wowote wa kiotomatiki wa kuzuia oda. Ona jambo hili: kampuni ilitumia otomatiki kutuma oda kwa kasi isiyofikiwa na binadamu, kisha kazi ya kusimamisha ikamwachia binadamu. Gari lina injini ya mashine na breki ya kelele za abiria.

Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, ililiona hilo. Oktoba 2013 Knight ilikubali kulipa dola milioni 12, katika shauri la kwanza chini ya kanuni iliyowataka madalali wawe na udhibiti wa hatari kabla ya oda kufika sokoni. Msisitizo wa SEC ulikuwa kwenye vizuizi vilivyokosekana. Ni sisi wasimuliaji tuliokipunguza kisa kikawa habari ya fundi msahaulifu, labda kwa sababu fundi ni rahisi kumchora kwenye slaidi.

Hili linakuhusu hata kama hujawahi kununua hisa moja. Labda unaandika mfumo wa karo wa shule, au skripti inayotuma meseji za deni kila Ijumaa usiku. Kabla hujaiwasha kanuni mpya, jiulize: nini kitaisimamisha nisipokuwepo? Ni nani hasa, kwa jina, atakayesoma onyo lake? Na ile niliyoacha kuitumia mwaka juzi, nimeifuta au nimeificha tu? Jibu la swali la tatu likiwa "iache, haina madhara", kumbuka kwamba Power Peg nayo ilikaa miaka tisa bila madhara yoyote.