Neno "Service" na Taabu ya Mfasiri

Katika ibada moja hapa Kaloleni, Arusha, mhubiri mgeni alifunga mahubiri yake kwa kusema kwa Kiingereza kwamba "service" huanza pale "service" inapokwisha. Mkalimani, kijana hodari ambaye hatumlaumu, akatamka: "Ibada huanza ibada inapokwisha." Wazee waliokwisha kushika mikongojo yao wakaketi tena, wakingoja ibada ya pili. Tulicheka, lakini jambo lenyewe lastahili kuchunguzwa.

Kiingereza hulitumia neno hilo moja kwa kusanyiko la Jumapili, kazi ya serikalini, msaada kwa wahitaji, vyombo vya mezani, hata kumwaga oili ya gari, ambako mafundi wetu wameliacha lilivyo: servisi. Kiswahili chagawanya: ibada, utumishi, huduma. Mwaka 1963 serikali ilipounda Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo jina lake la Kiingereza limebeba neno hilohilo, haikulifuata neno bali kusudi. Kwa maoni yetu ilifasiri vema kuliko wengi wetu tuliosomea kazi hiyo.

Mwanafunzi anayeisoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukuta "service" katika Warumi 12:1, Yohana 16:2 na 2 Wakorintho 9:12, akadhani kwamba Mitume wanasema jambo moja. Sivyo. Mahali pawili pa kwanza Kiyunani kina latreia, na Biblia yetu ya Union yasema, kwa haki kabisa, ibada. Mahali pa tatu ni leitourgia, nayo Union yasema huduma. Hapa ndipo tunaposita. Paulo anazungumzia changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, naye analiita kwa neno ambalo Agano Jipya hulitumia pia kwa kazi ya kuhani. Msomaji wa Kiswahili huiona fedha, madhabahu haioni. Je, ni ajabu kwamba katika sharika nyingi kamati ya diakonia hukumbukwa baada ya matangazo yote?

Wamisionari wa Leipzig waliofanya makao Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904 walikuja na neno lao la Kijerumani, Gottesdienst, yaani utumishi wa Mungu. Neno hilo lina pande mbili: sisi twamtumikia Mungu, naye Mungu atutumikia kwa Neno na Sakramenti. Kwa Mlutheri upande huu wa pili ndio wa kwanza. "Ibada" haiwezi kuubeba, kwa maana hakuna awezaye kusema kwamba Mungu anatuabudu. Hata hivyo neno hilo si maskini: shina lake la Kiarabu ni lile la mtumwa, kama vile kwetu mtumwa, mtumishi na mtume wanavyotoka katika kutuma.

Mkalimani wetu angalisema, "Ibada imekwisha, utumishi waanza." Angalieleweka, ingawa mchezo wa maneno ungalipotea, na kiungo pamoja nao.

Mlangoni mzee mmoja alituuliza ile ibada ya pili ingefanyika wapi. Tulimjibu kwamba ni kosa la tafsiri tu. Hatuna hakika kama tulimjibu vema.