Magofu ya Kua na Hukumu ya Kubadili Waqfu

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ama baad. Katika kisiwa cha Juani, Mafia, yapo magofu ya mji wa Kua: jumba la watawala, makaburi na misikiti ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mji huo ulihamwa mapema karne ya 19 baada ya kuvamiwa na Wasakalava wa Madagaska. Leo unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo kwayo jengo la kabla ya 1863 halibadilishwi bila idhini ya serikali.

Wapo wanaosema: msikiti ni wa Allah, idhini ya nini? Kauli hii ina upungufu, kwani wanavyuoni wetu wa Kishafii walitangulia kuweka kizuizi. Imam Nawawi ameeleza kuwa waqfu haugeuzwi umbo lake. Nyumba haifanywi bustani wala hamamu. Imam Taqiyyuddin Subki (aliyefariki 756 H) akaruhusu kubadili kwa masharti matatu: badiliko liwe dogo lisiloondoa jina la waqfu; kisipotee kitu katika mali yake, bali kihamishwe upande hadi upande; na liwe na maslahi kwa waqfu wenyewe. Basi anayevunja mihrabu ya kale ili aweke vigae ametimiza sharti lipi?

Huenda mtu akatoa hoja ya Sayyidna Uthman (r.a.), aliyeujenga upya Msikiti wa Mtume kwa mawe ya kuchonga na paa la msaji. Ni kweli, lakini aliupanua kwa ajili ya wenye kuswali. Haja hailingani na pambo.

Hata hivyo, sheria nayo ina kasoro. Kipimo chake cha kwanza ni umri, wala si nia ya mweka waqfu. Msikiti wa 1870 hauna kinga mpaka utangazwe, na gofu la msikiti huhesabiwa kama gofu la jumba. Ilhali kwetu msikiti ukibomoka haukomi kuwa msikiti.

Rai yetu ni kuwa idhini mbili zikutane: ya msimamizi wa waqfu na ya serikali. Kizimkazi, Unguja, msikiti umejengwa upya na kuezekwa mabati, ila maandishi ya mihrabu ya mwaka 500 H (1107) yamebaki, na swala inaswaliwa. Hilo ndilo tunalolitaka.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.