Bibi Hakuwa na Swali

Jioni ile kazi yangu ilikuwa kubeba kipaza sauti. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika historia, na waandaaji wa mhadhara walikuwa wameomba wanafunzi wa kujitolea: wawili wakae mlangoni kuandikisha majina, mmoja asimamie projekta, na mmoja azunguke ukumbini na maiki wakati wa maswali. Mada ilikuwa Kariakoo na harakati za uhuru wa Tanganyika. Ukumbi uko katikati ya jiji la Dar es Salaam, na ulijaa kuliko tulivyotegemea. Tulileta viti vya plastiki, navyo vikaisha.

Mtoa mada aliijua kazi yake. Nalisema hili mapema kwa sababu ninachokikosoa hapa si yeye, ni namna tunavyoiandaa mihadhara ya historia katika jiji hili. Alianza na jina. Alieleza kwamba baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, eneo lile lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Watu wakacheka kwa furaha, kama wanavyocheka kila hadithi hiyo inaposimuliwa, ingawa wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi. Kisha akaja kwenye Chama cha Waafrika cha mwaka 1929, mgomo wa makuli wa mwaka 1947, kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, hadi bendera ilipopandishwa Desemba 1961.

Karibu na mwisho alionyesha picha moja ya zamani: mkutano wa hadhara, umati, na mbele kabisa wanawake waliojitanda khanga, midomo wazi. Chini yake paliandikwa, "Akina mama wakiwashangilia viongozi." Picha ilikaa kwa muda wa sentensi mbili, tukapita.

Wakati wa maswali, bibi mmoja wa safu ya tatu aliinua mkono. Nilimpelekea maiki, nikamwamkia, naye akaitikia marahaba ndani ya kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia. Akaomba irudishwe ile picha. Mwenzangu wa projekta alihangaika kidogo, akaipata.

"Hao hawashangilii," bibi alisema. "Huyo wa kati anaimbisha, wenzake wanaitikia. Mama yangu mkubwa alikuwa kwenye ngoma ile, wakija kufanya mazoezi uani kwetu. Na wimbo wenyewe haukuwa wa kumsifu mtu. Ulikuwa…"

Mwenyekiti akaingilia, kwa adabu. "Bibi, tunakushukuru sana. Muda si rafiki. Swali lako ni lipi?"

"Sina swali," alisema bibi.

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti akanitazama, akanionyesha mkono mwingine uliokuwa juu upande wa pili. Nikanyoosha mkono wangu kwa bibi. Akanipa maiki bila kubishana, akakaa. Aliyefuata alikuwa kijana wa suti aliyetaka kujua vijana wa leo wajifunze nini kwa waasisi wetu. Alipewa muda wote aliouhitaji, kwa kuwa maneno yake yaliishia kwenye alama ya kuuliza.

Tangu siku ile nimekuwa nikihudhuria mihadhara huku natazama saa. Mwaka huo nilihudhuria sita, na mpangilio ulikuwa mmoja. Kwanza salamu. Halafu utambulisho wa wageni waalikwa, ambapo kila anayesimama husema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya. Halafu wasifu wa mtoa mada, halafu mada yenyewe, saa nzima na ushei. Maswali hubakiwa na dakika kumi na tano, na hata hayo hukusanywa matatu matatu ili yajibiwe kwa pamoja.

Mpangilio huu una imani ndani yake: kwamba ujuzi unakaa jukwaani na unateremka kwenda kwenye viti. Kwa mhadhara wa hesabu au wa sayansi ya udongo, sina ubishi. Lakini tunapozungumza Kariakoo ya miaka ya 1950 mbele ya watu wa Dar es Salaam, waliokuwa watoto wakati ule ndio bibi na babu wa safu ya tatu. Wao ni sehemu ya ushahidi wetu, nasi tunawapanga kama wanafunzi waliochelewa darasani.

Uzito wa neno "anaimbisha" niliuelewa baadaye, niliposoma upya kitabu cha Susan Geiger, TANU Women, kilichotoka mwaka 1997. Geiger alikaa na wanawake waliokuwa TANU, akarekodi habari za maisha yao, akiwemo Bibi Titi Mohamed, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwimbishaji katika kikundi cha ngoma hapa mjini. Hoja ya Geiger ni kwamba wanawake hawa hawakungoja kufundishwa utaifa na wanaume waliosoma. Vikundi vyao vya ngoma vilikuwa vimekwisha kuchanganya watu wa makabila mbalimbali, vilitumia Kiswahili, na vilikuwa na viongozi wanaojua kuita watu wakaitika. Bibi Titi alipoanza kuandikisha wanawake mwaka 1955, alipitia kwa viongozi hao. Kwa maneno mengine, kati ya "wanashangilia" na "anaimbisha" kuna ubishi mzima juu ya nani aliijenga nchi hii. Bibi wa safu ya tatu aliuweka ubishi huo mbele yetu kwa sentensi mbili, na mimi nikachukua maiki.

Nimejaribu kumtetea mwenyekiti, na utetezi upo. Kila anayeongoza mjadala amewahi kukutana na mzee ambaye akishika maiki hairudishi. Tena kumbukumbu hukosea. Katika mhadhara mwingine mzee mmoja alisisitiza kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1964. Ukumbi ulinong'ona, na mtoa mada akamsahihisha kwa upole: ni Februari 1967. Usahihisho ulikuwa wa haki. Lakini mzee alikuwa anaelekea mahali. Alisema alikuwa tarishi wa benki, na alikuwa ameanza kueleza asubuhi ile benki zilipotaifishwa, mabosi wake walivyokuwa na yeye aliambiwa nini. Mwaka uliposahihishwa, asubuhi yake ilitupwa pamoja nao. Darasani tumesoma kwa Alessandro Portelli jinsi wafanyakazi wa mji wa Terni, Italia, walivyokihamisha kifo cha mwenzao kutoka mwaka 1949 hadi 1953, na jinsi kosa hilo lilivyofundisha mengi kuliko tarehe sahihi. Tunaandikia insha jambo hilo, tunapata alama nzuri, kisha tunaingia ukumbini na kufanya kinyume.

Wiki mbili baadaye nilimtafuta bibi. Namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya mahudhurio. Alinipokea kwake Magomeni kwa chai ya tangawizi, akanihadithia mengi: bei ya khanga, ua lao, mama yake mkubwa aliyekuwa mkali kwa watoto. Nilipomwomba wimbo, nikasogeza simu yangu ya kurekodia, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi sikutaka kukwambia wewe. Nilitaka kuwaambia wale."

Nilidhani amekasirika. Hakuwa amekasirika. Alinieleza kwamba jioni ile aliwaona ukumbini watu wawili wa rika lake, watoto wa mtaa ule ule. Maneno mengine ya wimbo yeye amesahau, lakini alijua angeanza, wao wangemkumbusha. "Wimbo ule mmoja anatoa, wengine wanapokea. Nikikuimbia humu ndani peke yangu, nani ataitikia?"

Nilikuwa nimeingia nyumbani mwake nikiamini kwamba kilichopotea ukumbini kinaweza kuokolewa sebuleni: mahojiano, fomu ya ridhaa, faili lenye jina. Alinionyesha kwamba ukumbi una kitu ambacho mahojiano hayana. Ndani ya ukumbi kumbukumbu ya mtu mmoja huitikiwa, hubishiwa na hukamilishwa na ya mwingine, mbele ya watu. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuuita mhadhara wa wazi. Kama watu wamekuja kusikiliza tu, tungeweza kuwatumia makala.

Nilimwandikia mtoa mada kuhusu maneno ya chini ya picha. Alinijibu siku hiyo hiyo, kiungwana, kwamba yuko tayari kuyarekebisha. Akauliza: chanzo ni kipi? Nikaitafuta video ya mhadhara mtandaoni. Inaishia kwenye makofi. Sehemu ya maswali ilikatwa.

Jiji hili halikosi mfano bora. Walter Rodney alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda kwao Karibi kufundisha Jamaika mwaka 1968, na huko hakubaki chuoni. Alikwenda kukaa na watu wa mitaa ya kimaskini ya Kingston, Marasta wakiwemo, kuzungumza nao historia ya Afrika. Oktoba mwaka ule serikali ilimzuia kuingia tena nchini. Mazungumzo hayo yalizaa kitabu, The Groundings with My Brothers, kilichotoka mwaka 1969, na mwaka huo alirudi kufundisha hapa Dar. Watoa mada wetu hupenda kufungua kwa kukitaja kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya Ulaya na Afrika. Hoja zake tunazo midomoni. Namna yake ya kukaa na watu hatujaichukua.

Ninachopendekeza hakina gharama. Picha za zamani zionyeshwe kabla ya mada, bila maneno chini, na ukumbi uulizwe: nani anamjua huyu, hapa ni wapi? Muda ugawanywe nusu kwa nusu. Mwenyekiti aseme "swali au mchango", na amaanishe. Video isikatwe kwenye makofi. Wazee watakosea, nasi tutawasahihisha, lakini baada ya kuwasikiliza mpaka mwisho.

Mwezi uliopita picha ile ilionyeshwa tena, katika mhadhara mwingine. Maneno ya chini hayajabadilika. Safari hii nilikuwa nimekaa kitini, na maiki aliibeba mwanafunzi mwingine. Niliinua mkono. Nilikuwa nimekwisha jifunza kanuni, kwa hiyo nilileta swali: je, humu ndani kuna anayeukumbuka wimbo waliokuwa wakiimba?

Mwenyekiti alinishukuru, akalikusanya pamoja na mengine mawili, na yote matatu yakajibiwa na mtoa mada.