Anayeitikia Hodi

Fundi aliyenifundisha kazi ya seva alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Kila alipofungua saraka mpya, hata ya kuwekea picha tu, alianza kwa kuandika faili la index.html, mara nyingine lenye jina la ofisi na kiungo cha kurudi mwanzo, basi. Nilimwuliza anahangaikia nini. "Mdogo wangu," akasema, "mgeni akipiga hodi, lazima awepo wa kumwitikia."

Maana anwani inayoishia na mkwaju (/) haitaji faili lolote. Ni hodi tupu. Seva hushika orodha yake na kuita jina kwa jina, kama mwalimu na rejesta: index.php yupo? index.html je? Wa kwanza kuitika ndiye anayepelekwa mlangoni, wa nyuma yake hawaulizwi tena. Katika programu ya seva ya Apache orodha nzima ni mstari mmoja, DirectoryIndex, na mzee yule aliweza kukaa nao asubuhi nzima akipima nani atangulie. Nilimwona anachelewesha kazi, mpaka nilipomtanguliza index.html kwenye tovuti inayoendeshwa na index.php. Tovuti mpya ikakamilika, lakini wageni wakaendelea kupokewa na index.html, ule ukurasa wa "tunakuja hivi karibuni".

Alinisimulia pia kwamba seva ya mwanzo ya CERN, kule Uswisi, ilipobishiwa hodi ilitafuta kwanza Welcome.html. Karibu! Neno letu la kila siku la mlangoni; index.html lilikuwa nyuma yake. Kisha seva ya NCSA, ya Chuo Kikuu cha Illinois, ikashika index.html, Apache ikazaliwa humo mwaka 1995, na faharasa, yaani index, ikamtoa "karibu" barazani. Seva za Windows nazo zikaja na Default.htm, jina lisilo na bashasha hata chembe.

Siku hizi wapo wasioandika hata faharasa yenyewe. Mwezi uliopita nilitafuta fomu kwenye tovuti ya ofisi moja, nikafuta kipande cha mwisho cha anwani, nikajikuta chumbani mwa watu: "Index of", na chini yake nakala za vitambulisho, kimoja kimoja, na tarehe zake. Saraka haikuwa na ukurasa, na hakuna aliyekumbuka kuizuia seva isitandaze yaliyomo. Wanaokumbuka kuizuia huishia hapo hapo. Mgeni anapigwa 403 usoni, yaani hana ruhusa ya kuingia. Ama uingie hadi uvunguni, ama ufukuzwe.

Mzee amestaafu. Seva aliyoiacha bado inafanya kazi, na juzi niliifungua kurekebisha jambo dogo. Mstari wake unasema: DirectoryIndex index.php index.html karibu.html. Nimepekua saraka zote, na hakuna faili hata moja lenye jina hilo la mwisho. Sikulifuta.