Darubini ya Baridi, au Darubini Iliyopozwa?

Mwaka 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, mkoani Shinyanga, neno ‘makinikia’ lilitoka ofisini likaingia vinywani mwa watu. Lilifaa, kwani ‘mchanga’ huficha dhahabu, shaba na fedha zilizomo. Istilahi mbaya haikosi hasara.

Kosa la namna hiyo humnyemelea mfasiri wa elimu ya nyota anapokiita chombo kilichopozwa makusudi ‘darubini ya baridi’.

Mwalimu wa Geita aweza kuanza na kitu kinachojulikana kwao. Kioo kikuu cha darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, kina upana wa mita 6.5, nacho kimepakwa utando wa dhahabu, kwa sababu dhahabu huakisi vema miale ya infraredi. Lakini kila kitu chenye joto hutoa miale hiyo hiyo. Kioo chenye joto la chumba kingejimulika chenyewe, na mchunguzi angekuwa kama mtu atafutaye kimulimuli mchana.

Hapa sarufi yetu ina utajiri usiostahili kupuuzwa. Kioo cha Webb kilipoa: kikiwa nyuma ya ngao ya kukinga jua, kilipoteza joto lake angani hadi zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi chini ya sifuri. Kifaa chake cha infraredi ya kati, kwa upande mwingine, hupozwa kwa mashine itumiayo heli. Kadhalika katika darubini ya Herschel, iliyorushwa mwaka 2009, kioo cha mita 3.5 kilipoa tu, bali vipokezi vilipozwa kwa heli ya majimaji. Heli ilipokwisha, Aprili 2013, uchunguzi ulikoma. Basi tofauti ya ‘kupoa’ na ‘kupozwa’ yaweza kuwa ndiyo umri wa chombo. Pendekezo la PRIMA, ambalo NASA ililiteua mwaka 2024 lichunguzwe zaidi, lataka kioo chenyewe kipozwe hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. ‘Ya baridi’ yafuta maelezo yote hayo. Mchapaji naye awe mwangalifu: darubini ‘iliyopooza’ haimfai mtu.

Aidha, ‘infraredi ya mbali’ yahitaji ufafanuzi inapotajwa mara ya kwanza. Umbali huo si wa nyota. Ni wa kuachana na wekundu katika mfuatano wa mawimbi. Kwa mawimbi yanayofuata, napendekeza ‘mawimbi yasiyofikia milimita’, maana hapo kinachopimwa ni urefu wa wimbi.

Mwanafunzi wa Kahama aliyekwisha kutofautisha mchanga na makinikia hatashindwa kutofautisha kilichopoa na kilichopozwa. Hapana budi sisi wafasiri tumpe maneno yote mawili.