Sikio la Fundi Selfu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Tabata, Dar es Salaam. Nimezungusha ufunguo, gari limenijibu neno moja: tak. Taa za dashibodi zinawaka, redio inasoma habari, injini kimya. Nikazungusha tena. Tak. Jirani aliyekuwa akipita akatoa hukumu bila hata kusimama: "Betri hiyo, mama." Nilikaribia kumwamini. Miaka miwili nyuma niliambiwa hivyo hivyo gereji moja, nikanunua betri mpya, na wiki haikuisha gari likagoma tena.

Safari hii nilimwita kijana ambaye watu wa mtaani kwetu humwita Fundi Selfu. Aliniamkia, akafungua boneti, akainamisha kichwa. "Mama, hebu piga selfu nisikie." Nikapiga. "Washa taa kubwa, halafu piga tena." Taa ziliwaka ukutani, na mlio ulipokuja hazikufifia hata kidogo. Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa ameshika spana bado.

Nimekuja kuuelewa ule utulivu wake. Selfu, mota inayowasha injini, ina lugha yake, na anayeijua hana haja ya kubahatisha. Ikilia ta-ta-ta-ta-ta, haraka haraka kama cherehani, mara nyingi umeme ni mdogo. Ukizungusha ufunguo, koili ya solenoidi, swichi iliyo kwenye selfu, huvuta chuma kilicho kama mchi mdogo. Mchi huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: husogeza gia ndogo ishike meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na huunganisha shaba zinazopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye mota. Mota hata ya gari dogo huweza kudai zaidi ya ampea 100. Betri iliyochoka hupewa dai hilo ikazimia. Mchi unarudi, betri inapata ahueni, mchi unavutwa tena. Hiyo ndiyo ta-ta-ta. Wakati mwingine betri yenyewe haina kosa, ni tamino zake zilizolegea au zilizoota unga mweupe, na kuzikaza au kuziosha kwa maji ya moto yenye magadi kunatosha kumaliza kesi.

Lakini tak moja, na taa hazififii? Mara nyingi maana yake mchi umevutwa na mota haijapata kitu.

Akatoa mita. Betri ikiwa imetulia: volti 12.6. Nikipiga selfu: 12.4. "Betri yako haina kosa, mama." Kisha akajipenyeza chini ya injini, akagusisha ncha ya mita kwenye bolti inayoingiza umeme kwenye selfu, akaniomba nipige. 12.4 tena. Akahamia bolti ya pili, ile inayotoka kwenye solenoidi kwenda kwenye mota, sentimita chache tu kutoka ya kwanza. Tak. Sifuri.

Umeme unaingia, hautoki. Kati ya bolti mbili zinazofunikwa na kiganja kimoja, alikuwa ameuzingira ugonjwa wa gari zima.

Alifungua waya wa hasi kwanza, kwa sababu bodi yote ya gari ni ethi, na spana ikigusa bodi huku inafungua chanya, cheche zake si za mchezo. Akaishusha selfu, akaifungulia juu ya kipande cha boksi, kila skrubu mahali pake kwa mpangilio ilivyotoka. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya shaba. Kimoja kilikuwa bado kinene. Cha pili kilikuwa kimeliwa upande mmoja, cheusi, chembamba kama ukucha. Kila asubuhi niliyowasha gari, cheche ilimega punje ya shaba hiyo, mpaka ikafika siku ambayo mchi unakuja na haukuti pa kugusa. Selfu nyingi za Toyota kama hii yangu hufa hivyo, mota yenyewe ikiwa nzima.

Neno selfu limebeba historia. Zamani gari liliwashwa kwa hendeli, na injini ikipiga kinyume iliweza kumvunja mtu mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac huko Marekani ilitoa magari yenye mota ya kuwashia iliyobuniwa na Charles Kettering. Gari likajiwasha lenyewe, na jina hilo la kujiwasha, self-starter kwa Kiingereza, ndilo tulilolifupisha. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado kinachoamua kama utafika kazini ni shaba mbili kuunganishwa.

Shaba mpya zililetwa na bodaboda kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani. Akazifunga, akasugua sahani ya mchi, ile inayoziunganisha, mpaka ikang'aa, akarudisha hasi mwisho. Injini iliwaka kwa pigo la kwanza.

Aliponitajia bei, nilijishika nikitaka kuuliza mbona kubwa kuliko ya shaba zenyewe. Hilo ndilo kosa letu: kifaa tunakilipia bila ubishi kwa kuwa tunakiona, ila zile dakika za kusikiliza na kupima tunaziona za bure. Zile dakika ndizo zilizoniokoa nisinunue betri nyingine, au selfu nzima.

Gari lako likilia tak, tafuta fundi anayekuomba upige selfu asikie, anayetoa mita kabla ya spana. Akikutajia bei ya kazi yake, mlipe.